Mwanga Usiofika

Mji wa Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba, uko nyuzi 5 na dakika 22 kusini ya ikweta. Nebula ya kundinyota la Jabari, lile ambalo vitabu vya Ulaya huliita Orion, iko nyuzi 5 na dakika 23 kusini ya ikweta ya mbingu. Kwa hiyo mara moja kila siku wingu hilo hupita utosini pa mtu aliyesimama Mkoani, na mtu wa Tanga au Pangani naye anakuwa nalo karibu hapohapo. Mwishoni mwa Januari hupita kati ya saa tatu na saa nne usiku, wakati Kilimia kimeshainama upande wa kaskazini-magharibi. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Kusini yake kidogo zipo nyota nyingine hafifu zilizofuatana, na ile ya katikati haitulii machoni: ina ukungu. Ukungu huo ndio nebula yenyewe. Nicolas-Claude Fabri de Peiresc aliuona kwa darubini huko Ufaransa mwaka 1610, na Christiaan Huygens akauchora Uholanzi mwaka 1656, wote wawili wakiutazama chini kusini, kupitia hewa nzito. Sisi wa mwambao tunao juu, mahali hewa ilipo nyembamba kuliko pote.

Jambo moja kuhusu wingu hili hunirudisha kwake kila mara. Mwanga unaoliwasha haujawahi kufika duniani. Si kwamba macho yetu ni dhaifu. Hata chombo kilichorushwa juu ya angahewa hakiupati, kwa sababu unaishia njiani, mwingi wake ndani ya wingu lenyewe. Kinachotufikia ni mwanga mwingine, uliozaliwa baada ya ule wa kwanza kutumika. Na pamoja na hayo tunajua, kwa makadirio mazuri, ni kiasi gani cha mwanga huo usioonekana kinatoka kila sekunde. Sura hii inaeleza jinsi binadamu walivyoweza kuuhesabu mwanga ambao hawajauona.

Tuanze na nyota. Ndani ya ule ukungu, darubini ndogo inaonyesha nyota nne zilizosongamana, ziitwazo Trapezium. Kubwa kati yao ni Theta-1 Orionis C. Tungamo lake ni zaidi ya mara 30 la Jua, na joto la uso wake ni karibu Kelvini 39,000. La Jua letu halifiki 5,800. Tofauti hiyo haimaanishi tu kwamba nyota hii inang'aa zaidi. Kitu kikizidi kuwa moto, mwanga wake hubadilika aina: sehemu kubwa huhama kutoka mwanga tunaouona na kuingia urujuanimno, ambako mawimbi ni mafupi na kila fotoni, yaani kila chembe ya mwanga, hubeba nishati nyingi. Jua hutoa mwanga wa namna hiyo kwa kiasi kidogo mno. Theta-1 Orionis C hutoa fotoni za kuvunja hidrojeni kwa idadi yenye tarakimu 49 kila sekunde.

Na hidrojeni ndiyo imeizunguka. Kati ya kila atomu kumi zilizoko angani baina ya nyota, karibu tisa ni za hidrojeni, atomu nyepesi na sahili kuliko zote: protoni moja, elektroni moja, basi. Leo tunalisema hili kwa wepesi, lakini aliyelionyesha kwanza alilipia. Cecilia Payne, kijana wa Kiingereza aliyekwenda Harvard, alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1925 kwamba nyota zimeundwa kwa sehemu kubwa mno na hidrojeni. Henry Norris Russell, mwanaastronomia mkubwa wa Marekani wa wakati huo, alimwambia haiwezekani. Payne akalazimika kuandika ndani ya tasnifu yake mwenyewe kwamba wingi huo wa hidrojeni karibu hakika si wa kweli. Mwaka 1929 Russell akafikia jibu lilelile kwa njia nyingine, na kwa muda mrefu sifa ikamwendea yeye. Kila ninapoandika juu ya hidrojeni angani nahisi kwamba jina la Payne linastahili kutangulia.

Elektroni ya hidrojeni imefungwa kwenye protoni yake kwa nishati inayojulikana barabara: elektronivolti 13.6. Niels Bohr alipoijenga nadharia yake ya atomu mwaka 1913, thamani hiyo ilikuwa miongoni mwa ushindi wake. Ukitaka kuing'oa elektroni kwa mwanga, unahitaji fotoni moja yenye angalau nishati hiyo, na hiyo ni fotoni ambayo urefu wa wimbi lake hauzidi nanometa 91.2. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanometa 400 hadi 700, na fotoni zake hubeba elektronivolti mbili au tatu hivi. Hazitoshi. Hata zikija nyingi kiasi gani, hazitoshi, kwa sababu atomu iliyo peke yake angani haiweki akiba ya fotoni hafifu ili zikijumlishwa zifike 13.6. Kuku elfu wanaweza kuidonoa nazi kutwa nzima isipasuke. Panga likishuka mara moja, imepasuka. Albert Einstein ndiye aliyelitambua hili mwaka 1905 alipoeleza jinsi mwanga unavyotoa elektroni kwenye metali: kinachoamua ni nishati ya fotoni moja moja, wala si wingi wake. Wingi huamua tu ni elektroni ngapi zitatoka.

Chini ya kizingiti hicho atomu inachagua. Inapokea fotoni zenye nishati maalumu tu, zile zinazolingana na hatua kati ya ngazi zake za nishati. Theodore Lyman wa Harvard alianza kuzipiga picha alama za hatua hizo mwaka 1906; ya kwanza, inayoipandisha elektroni kutoka ngazi ya chini kabisa hadi ya pili, ina urefu wa wimbi wa nanometa 121.6. Juu ya kizingiti, kuchagua kunakoma. Fotoni ya 14, ya 20, ya 35, yoyote inaweza kumezwa na elektroni ikatoka. Lakini hazimezwi kwa wepesi ulio sawa. Zinazonaswa kirahisi kuliko zote ni zile zilizovuka kizingiti kwa shida. Nishati ikiongezeka maradufu, uwezekano wa kunaswa hupungua karibu mara nane. Fotoni kali zaidi husafiri mbali zaidi kabla ya kukutwa na atomu. Tutalihitaji jambo hilo tukifika ukingoni mwa wingu.

Nishati inayobaki baada ya kulipa ile 13.6 haipotei, elektroni huondoka nayo ikiwa mwendo. Chukua fotoni ya elektronivolti 20. Elektroni inatoka na 6.4 mkononi, na hiyo ni kasi ya kilomita 1,500 kwa sekunde. Inagonga elektroni nyingine, nazo zinagonga nyingine, na punde gesi yote inayoizunguka imepashwa moto. Hivi ndivyo wingu ambalo lingekuwa na baridi ya nyuzi kumi au ishirini juu ya sifuri halisi hufikia Kelvini 8,000 hadi 10,000. Hakuna moto hapo, hakuna kinachoungua. Joto lote hilo ni chenji ya fotoni.

Mtu makini atauliza kwa nini basi gesi haizidi kuwa moto siku baada ya siku, maana nyota haipumziki. Jibu lilikuwa limesimama mbele ya wanaastronomia kwa zaidi ya miaka 60 bila kueleweka. Tarehe 29 Agosti 1864, William Huggins, aliyekuwa na kituo chake cha kutazamia nyota nyumbani kwake Tulse Hill, London, alielekeza kipimaspektra kwenye nebula moja ya kundinyota la Draco. Alitarajia kuona utepe wa rangi zinazofuatana, kama zionekanavyo kwenye nyota. Akaona mistari michache tu ya mwanga, mmoja wao wa kijani uking'aa kuliko yote. Papo hapo lilikuwa limekatwa shauri la zamani: nebula ile haikuwa lundo la nyota zilizo mbali, ilikuwa gesi. Nebula ya Jabari nayo ikaonyesha vivyo hivyo. Lakini mstari ule wa kijani haukulingana na elementi yoyote iliyopimwa maabara, na watu wakaanza kuzungumzia elementi mpya wakaiita nebuliamu. Mwaka 1927 Ira Bowen, huko California, akaonyesha kwamba nebuliamu haipo. Mstari ule ni wa oksijeni, oksijeni iliyonyang'anywa elektroni mbili, ikitoa mwanga kwa hatua ambayo katika hewa nzito ya maabara haipati nafasi ya kutokea kwa sababu atomu hugongwa kabla haijaikamilisha. Angani, ambako gesi ni nyembamba mno, atomu ina muda.

Oksijeni hiyo ndiyo inayoipoza nebula. Elektroni zinazokimbia zinaigonga, inachukua sehemu ya mwendo wao, inaigeuza kuwa mwanga wa kijani, na mwanga huo unaondoka moja kwa moja hadi kwetu. Kuna atomu moja tu ya oksijeni kwa maelfu ya hidrojeni, lakini inatosha kuizuia gesi isizidi hapo. Tena oksijeni inatupa habari ya ziada: kuing'oa elektroni ya pili kunahitaji elektronivolti 35.1, kwa hiyo tunajua nyota ile inatoa hata fotoni za ukali huo. Ukiitazama nebula hii kwa darubini nzuri na ukaona rangi ya kijanikijivu, hiyo ni kazi ya oksijeni na ya macho yetu, ambayo gizani huipokea kijani vizuri kuliko nyekundu. Nyekundu ya kwenye picha ni ya hidrojeni, na ndiyo tunayoihitaji kwa hesabu.

Maana elektroni iliyong'olewa haikai nje milele. Gesi imejaa protoni zisizo na wenzi na elektroni zisizo na makazi, na mara moja moja mbili hukutana na kushikana. Zinachukua muda gani? Inategemea msongamano. Tuseme kuna chembe 1,000 katika kila sentimita ya ujazo, kiwango cha kawaida kwa sehemu nyingi za nebula hii. Kwa viwango vyetu vya duniani hiyo ni ombwe tupu kuliko lolote tunaloweza kutengeneza kwa urahisi. Hapo protoni husubiri kwa wastani miaka 120 hivi kabla ya kupata elektroni. Ikishaipata, haikai nayo. Mwaka mmoja wa nuru kutoka kwenye nyota, fotoni za urujuanimno zinapita kwa wingi kiasi kwamba atomu iliyokamilika huvunjwa tena baada ya siku chache tu. Miaka mia na ushei imevunjika, siku chache nzima, kisha imevunjika tena. Ndiyo maana ukichukua sampuli ya gesi hiyo wakati wowote, utakuta atomu moja nzima kwa kila maelfu mengi ya zilizovunjika. Nebula inaonekana imetulia, wala haijatulia hata kidogo. Ni kwamba kuvunjika na kuungana vimelingana.

Elektroni inaporudi, mara nyingi haitui kwenye ngazi ya chini kwa mruko mmoja. Inashika ngazi ya juu, kisha inashuka hatua kwa hatua, na kila hatua inatoa fotoni ya nishati yake. Hatua ya kutoka ngazi ya tatu kwenda ya pili hutoa mwanga mwekundu wa nanometa 656.3. Fotoni hiyo ina elektronivolti 1.9 tu, na atomu zote zilizo njiani zina elektroni zao kwenye ngazi ya chini, hazina hatua inayolingana nayo. Kwa hidrojeni, mwanga huu ni kama haupo. Unapita. Unavuka miaka 1,300 ya nuru na kuingia kwenye kamera.

Mwaka 1927 Mholanzi Herman Zanstra aliliona jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya mawazo mazuri kuliko yote katika astronomia ya karne iliyopita. Fikiria wingu lililo nene kiasi kwamba hakuna fotoni ya kuvunja hidrojeni inayotoroka. Kila fotoni inayotoka kwenye nyota inavunja atomu moja. Kwa kuwa wingu limefikia msawazo, kila atomu inayovunjwa inalingana na moja inayoungana. Sasa fuata elektroni inayorudi. Ikiruka moja kwa moja hadi chini, inatoa fotoni yenye zaidi ya 13.6, nayo inavunja atomu ya jirani. Hakuna kilichobadilika, mchezo unaanza upya. Ikishuka kwa hatua na mwishowe ikaruka kutoka ngazi ya tatu, ya nne au ya tano hadi ya kwanza, fotoni hiyo nayo itanaswa na jirani, itatolewa, itanaswa tena, mpaka siku moja jirani aipasue vipande. Njia pekee ya kumaliza ni elektroni kupitia ngazi ya pili, na kabla ya hapo lazima itoe fotoni moja ya kutua kwenye ngazi hiyo. Fotoni hizo za kutua ngazi ya pili ndizo zile ambazo Johann Balmer, mwalimu wa shule huko Basel, alizipatia kanuni mwaka 1885, na zile kuu kati yake tunaziona kwa macho.

Kwa hiyo kila fotoni isiyoonekana inayotoka kwenye nyota hugeuka, baada ya safari zake zote, kuwa fotoni moja ya Balmer. Moja kwa moja, bila kuzidi wala kupungua. Katika joto la kawaida la nebula, karibu nusu ya elektroni zinazorudi hupitia ule mstari mwekundu. Pima wekundu wa wingu zima, sahihisha kwa ajili ya vumbi lililo njiani, na umepata idadi ya fotoni za urujuanimno. Zanstra alikwenda hatua moja mbele: alilinganisha idadi hiyo na mwanga wa kawaida wa nyota yenyewe, na uwiano huo ukampa joto la nyota. Nyota nyingi za aina hii zilikuwa zimekisiwa tu. Sasa zilikuwa zimepimwa, kwa mwanga ambao hakuna aliyeupata. Miaka mitano kabla yake, Edwin Hubble alikuwa ameonyesha kwa uchunguzi wa Mount Wilson kwamba nebula zenye mistari ya mwanga huwa na nyota za moto mkali ndani yake, na zile zenye nyota za joto la chini huakisi tu. Hubble alijua kwamba uhusiano upo. Zanstra alieleza jinsi unavyofanya kazi.

Likabaki swali la ukubwa. Mwanga huo unafika wapi? Mwaka 1938 Otto Struve na Christian Elvey, wakitumia kituo cha McDonald huko Texas, walikuta maeneo mapana ya Njia Nyeupe yakitoa ule mwanga mwekundu wa hidrojeni, hafifu, mbali na nebula zinazojulikana. Struve akamweleza Bengt Strömgren, Mdenmark aliyewahi kufanya kazi naye Chicago. Jibu la Strömgren lilichapishwa mwaka 1939, nalo lilikuwa la kushangaza: mwanga haufifii polepole ukaacha gesi iliyovunjika nusu, kisha robo, kisha kidogo. Unaivunja karibu gesi yote hadi umbali fulani, na hapo unakoma ghafla. Nyuma ya mpaka huo hidrojeni ni nzima.

Sababu inafahamika ukikumbuka mambo mawili. Gesi iliyovunjika haina elektroni za kung'oa, kwa hiyo fotoni huipita bila kizuizi, isipokuwa zile zinazotumika kuzivunja tena atomu chache zilizokwisha kuungana. Lakini atomu hizo chache, zikijumlishwa katika ujazo unaokua kwa mchemraba wa umbali, hatimaye humaliza hesabu yote ya nyota. Fotoni za mwisho zinakutana na gesi nzima, na gesi nzima ni ukuta. Kwenye msongamano wa atomu 1,000 kwa sentimita ya ujazo, fotoni iliyovuka kizingiti kidogo tu haiendi zaidi ya kilomita bilioni 1.6 hivi, karibu umbali wa kutoka Jua hadi Zohali. Zile kali zaidi huenda mara kadhaa ya hapo. Tufe lenyewe lina upana wa miaka ya nuru, na mwaka mmoja wa nuru ni kilomita trilioni tisa na nusu. Ukingo ni mwembamba mno ukilinganishwa na kilichomo.

Msongamano ndio wenye neno kubwa hapa kuliko nyota. Ili elektroni na protoni zikutane zinahitajiana zote mbili, hivyo ukiongeza gesi maradufu, miungano inaongezeka mara nne. Nyota yenye nguvu kama ya Theta-1 Orionis C ikiwekwa kwenye gesi ya chembe 10 kwa sentimita ya ujazo, inasafisha takribani miaka 45 ya nuru kila upande. Iweke kwenye chembe 1,000, na tufe lake linabanwa hadi miaka miwili hivi.

Nebula ya Jabari yenyewe si tufe, na nafikiri vitabu vingi vinaharakisha mno kupita hapa. Nyota za Trapezium hazikuzaliwa katikati ya wingu. Zilizaliwa karibu na uso wa wingu kubwa, jeusi na baridi, upande unaotutazama sisi. Mwanga umelichimba, ukatoboa nje, na gesi iliyopashwa moto inatiririka kutoka kwenye ukuta kwa kasi ya kilomita kumi hivi kwa sekunde ikielekea upande wetu. Tunachungulia ndani ya shimo kupitia mdomo wake. Kama nyota zile zingekuwa upande wa pili, tungeona giza tupu na kuhitaji redio au mwanga wa infraredi kujua kwamba kuna kitu.

Mwanga huo hauvunji atomu za wingu peke yake. Miaka ya 1990, darubini ya angani ya Hubble ilionyesha ndani ya nebula hii nyota changa nyingi zilizofungwa na visahani vya gesi na vumbi, vile ambavyo sayari hutokea humo. Zile zilizo karibu na Theta-1 Orionis C zina kichwa king'aacho upande wa nyota na mkia upande wa pili. Robert O'Dell, aliyeziongoza picha hizo, alitambua kwamba visahani vinavukizwa. Mwanga unapasha uso wake, gesi inapanda, kisha inavunjwa na kupeperushwa. Kwa kasi iliyopimwa, baadhi vitaisha katika muda wa laki chache za miaka au pungufu, na sayari kubwa za gesi zinazotaka kujengwa hapo zina haraka. Jua letu pia huenda lilizaliwa katika umati wa nyota. Kama lingekuwa na jirani wa namna hii karibu mno, mfumo wetu usingekuwa ulivyo.

Nimesema mwanga wa urujuanimno wa chini ya nanometa 91.2 hautufikii. Kwa Theta-1 Orionis C ni kweli. Kwa muda mrefu wanaastronomia wengi waliamini ni kweli kwa kila nyota ya mbali, kwa kuwa hidrojeni nzima imetapakaa kila mahali na kidogo tu inatosha kuziba. Stuart Bowyer wa Berkeley hakukubali. Alipigania kwa miaka kujengwa kwa setilaiti ya kutazama anga hilo lililodhaniwa kuwa limefungwa, nayo ikarushwa Juni 1992. Nyota iliyokutwa ikiangaza kuliko zote, ukiliacha Jua, ni Adhara, iliyo zaidi ya miaka 400 ya nuru mbali nasi, kusini kidogo ya Sirius. Adhara ina joto la chini kuliko Theta-1 Orionis C, lakini kati yake na sisi kuna njia iliyokaribia kuwa tupu, sehemu ya uwazi mkubwa ambao Jua limo ndani yake. Ndiyo inayochangia kuvunja hidrojeni ya angani karibu na Jua kuliko nyota nyingine zote za usiku zikijumlishwa. Angalizo moja la namna hiyo linatosha kumkumbusha mtu kwamba anga baina ya nyota halina usawa: kuna kuta, na kuna milango.

Fizikia hii hii imefanya kazi kwa kipimo kimoja kikubwa kuliko vyote. Miaka 380,000 baada ya mlipuko mkuu, ulimwengu ulipoa kiasi cha protoni na elektroni kushikana, na hidrojeni yote ikawa nzima. Ikakaa hivyo gizani mpaka nyota za kwanza zikawaka. Kila kundi la nyota lilijichimbia tufe lake, matufe yakakua, yakagusana, yakaungana, na takribani miaka bilioni moja baada ya mwanzo hidrojeni iliyo kati ya galaksi ilikuwa imevunjika karibu yote. Haijarudi tena. Katika nebula ya Jabari protoni husubiri mwenzi miaka mia na ushei. Katika uwazi wa wastani wa ulimwengu wa leo, wenye chembe moja kwa mita kadhaa za ujazo, ingesubiri mamia ya mabilioni ya miaka, ilhali umri wa ulimwengu ni bilioni 13.8. Huko, kuvunjika mara moja kulitosha.

Hatujui vizuri nyota hizo za kwanza zilikuwaje, na nyingi kati yake ni hafifu mno hata kwa darubini bora. Kwa hiyo wanaastronomia wanatafuta kile zilichokivunja. Hidrojeni nzima hutoa mawimbi ya redio ya sentimita 21, iliyovunjika haitoi. Upanukaji wa ulimwengu umeyavuta mawimbi ya enzi hiyo hadi yamekaribia mita mbili. Huko Karoo, nyika kavu ya Afrika Kusini, safu ya madishi 350 iitwayo HERA, kila moja upana wa mita 14, imejengwa kwa nguzo na wavu wa waya ili kuyasikiliza. Kufikia sasa vipimo vyake vimeweka mipaka: vimeonyesha kwamba gesi ya enzi ile ilikuwa imekwisha kupashwa joto mapema kuliko baadhi ya nadharia zilivyodai. Kinachotafutwa ni mashimo kwenye mawimbi hayo, mahali redio inaponyamaza kwa sababu hidrojeni imekwisha kuvunjwa. Upana wa kila shimo, kwa hesabu ya Strömgren iliyorekebishwa kwa ulimwengu unaopanuka, utasema ni fotoni ngapi zilitoka katikati yake.